KUSUGUA USO SI KUUCHUBUA

Mwaka huu nimeona heri niandike somo fupi kuhusu ngozi ya uso. Najua wengine mtacheka mseme, "Hayo ni mambo ya wasichana!" La hasha! Ngozi ni kiungo cha mwili kama moyo na figo, tena kikubwa kuliko vyote, na hata wavulana wanayo.

Hapa kwetu Ekalakala jua ni kali na vumbi haliishi. Jioni, mtu akitoka uwanjani uso umejaa jasho na udongo. Nimewaona wenzangu bafuni wakisugua chunusi kwa nyuzi za makonge, au kwa lile jiwe la kusugulia visigino, eti uchafu utoke. Mmoja wao alijisugua hadi akatoka damu, siku mbili kabla ya siku ya wazazi. Chunusi hazikutoka ng'o! Alipata vidonda, na vidonda vilipopona vikaacha madoa meusi yaliyokaa miezi. Tangu hapo akawa haketi tena mbele darasani. Jamani, hilo si jambo la mzaha.

Kwanza, tutofautishe maneno. Kusugua ni kupitisha kitu juu ya kingine ili kutoa taka. Kukwangua ni kutoa kilichoganda, kama ukoko kwenye sufuria. Kuchubua ni kuondoa ngozi yenyewe. Uso unahitaji lile la kwanza tu, tena kwa upole. Ndugu zetu wa pwani walilijua hili zamani. Kule Lamu, Mombasa na Unguja, bi harusi husingwa kwa singo yenye liwa, karafuu na maua ya kunukia. Husingwa kwa kiganja cha mkono, wala hakuna aletaye jiwe!

Pili, tukumbuke somo la Bayolojia. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni la seli zilizokufa. Chini yake, katika tabaka la Malpighi, seli mpya huzaliwa na melanini hutengenezwa. Seli mpya husukumwa juu hadi zibanduke, na kwa kijana safari hiyo huchukua karibu wiki 4. Yaani ngozi hujisafisha yenyewe, sisi twaisaidia tu. Ukiikwaruza, melanini huongezeka mahali palipoumia na doa jeusi hubaki. Sisi wenye ngozi nyeusi tunaliona zaidi. Tena wayo una ngozi nene na uso una ngozi nyembamba. Jiwe la kisigino libaki kisiginoni.

Vilevile, chunusi haziletwi na uchafu. Katika umri wetu homoni huongeza mafuta ya ngozi, vinyweleo huziba, na bakteria hustawi humo. Kusugua kwa nguvu ni kuchokoza nyuki mzingani.

Tatu, njia iliyo salama ni hii:

1. Nawa mikono, kisha lowesha uso kwa maji vuguvugu.
2. Chukua kitambaa laini cha pamba, safi, kisichotumiwa na mwenzako.
3. Zungusha polepole kwa nusu dakika tu. Usiguse kope wala midomo.
4. Suuza, kausha kwa kubonyeza taulo, kisha paka mafuta yasiyo na manukato.
5. Fanya hivyo jioni, mara 1 kwa wiki. Kesho yake vaa kofia, kwani jua la Ikweta halina huruma.

Usisugue kabisa penye kidonda, chunusi zilizovimba au ukurutu. Uso ukiwasha au kuchonyota, acha mara moja. Ndimu nayo iache jikoni. Asidi yake ni kali, na ngozi yenye maji ya ndimu ikipigwa na jua yaweza kuungua. Chunusi zikizidi, nenda kwenye zahanati. Zipo dawa za kupaka, kama zile zenye asidi ya salisiliki, zinazofungua vinyweleo bila kukwaruza.

Mwisho, tujihadhari na krimu za kujichubua. Nyingine zina zebaki, nayo huharibu figo. Mataifa yalikubaliana katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 kuzikomesha krimu za zebaki, lakini bado huuzwa kwa siri. Kopo lisiloandikwa kilichomo, usilinunue hata kwa shilingi moja.

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Ngozi yataka wiki 4, basi ipe wiki 4. Na ukimwona mwenzako ameshika jiwe bafuni, usimcheke. Mnyang'anye, umpe kitambaa.