Kupima Udongo wa Lufingo kwa Mionzi ya Infraredi

Sehemu kubwa ya udongo wa wilaya ya Rungwe, ikiwemo Lufingo, imetokana na majivu ya volkano. Mlima Rungwe ulilipuka vikali miaka 4,000 hivi iliyopita na kumwaga pumisi eneo kubwa. Mionzi ya infraredi huyatambua madini kwa namna atomi zake zinavyotetemeka, ila sampuli ikiharibiwa shambani, mashine haiwezi kuirekebisha.

1. Chukua sampuli. Migomba, chai na viazi visichanganywe. Tembea kwa kupindapinda, chimba sehemu kumi hivi hadi sentimita 20, ukikwepa penye samadi na palipochomwa taka. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, bakiza nusu kilo, andika lebo. Udongo wa sentimita 20 hadi 50 uweke kwenye mfuko wake.

2. Anika kivulini. Hapa wengi huharakisha, kwa sababu mvua ya Tukuyu, wilayani Rungwe, haina huruma, wakaweka udongo juu ya jiko. Usifanye hivyo. Alofani, madini ya udongo wa volkano, ikikaushwa mno hubadilika na hairudi ilivyokuwa.

3. Chekecha na saga. Chekecheo la milimita 2 kwanza, kisha saga uwe unga wa chini ya milimita 0.1.

4. Maabarani. Mtaalamu hupima kwanza kipande chenye dhahabu. Elektroni huru za dhahabu hurudisha karibu mionzi yote, hivyo hutumika kulinganishia.  Kisha hupima udongo wako, na mashine hutoa mchoro.

5. Soma mchoro. Vilele vyembamba kwenye mawimbi 3,695 na 3,620 kwa sentimita ni kaolini, madini ya mfinyanzi. Karibu na 2,920 na 2,850 ni mboji. Ukiona kilima kipana karibu na 1,000 huku vile vya kaolini vikiwa hafifu, shuku alofani.

6. Uliza swali sahihi. Kwa kaboni na mfinyanzi, infraredi inaaminika. Kwa fosforasi inayofikia mizizi, haitoshi, na Lufingo hilo ndilo swali zito, maana alofani huing'ang'ania fosforasi ya mbolea. Omba kipimo cha kemikali pia, ukianza kuulizia kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, Mbeya, kabla hujanunua mbolea ya fosforasi ya DAP ya msimu.