Magoti yanayoamka usiku

SWALI: Daktari, nina miaka 58, naishi Kangemi na nauza nguo mjini. Mchana magoti yanavumilia. Usiku, hasa Julai hii, yananiuma hadi saa tisa niko macho. Nilaleje?

JIBU: Pole, mama. Mchana mwendo hulainisha viungo, ukitulia vinakakamaa. Lala ubavu, na mto mnene uanzie katikati ya magoti ufike vifundoni, ili goti la juu lisivutwe chini. Wengi huweka mto chini ya magoti wakilala chali. Unatuliza, ila usiwe wa kila usiku, maana goti lililozoea kukunjwa hugoma kunyooka. Godoro la sponji lililobonyea katikati, libadilishe ukiweza.

Baridi nayo huzidisha ukakamavu. Oga maji moto kabla ya kulala, au weka chupa ya maji moto, ikiwa imefungwa taulo, juu ya goti kwa dakika 15 hadi 20. Jiko la makaa chumbani, hapana! Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu usingizini.

Vidonge vya diclofenac vya kununua pale steji, punguza mkono. Vikimezwa kila usiku huchoma tumbo na kuumiza figo, zaidi kama una presha. Jeli yake ya kupaka ina usalama zaidi. Iwapo asubuhi viungo vinachukua saa nzima kulegea, au vidole vya mikono yote miwili vimevimba, huenda ni baridi yabisi: nenda kituo cha afya upimwe damu, na uombe rufaa.