Sahani ya Kwanza ni ya Dereva

Jumanne iliyopita kikundi chetu cha akina mama kilirudi kutoka mlima Kilimambogo mchana kweupe, wote tukiwa ndani ya gari, dereva akiitikia nyimbo zetu. Kwako huenda hiyo si habari. Kwetu ni ushindi, na nitaringa nao kidogo kabla sijawaeleza jinsi ya kupanga matembezi ya chama.

Hatua ni tano. Ya kwanza, pigeni kura ya mahali pa kwenda, msimwachie mwenyekiti peke yake. Ya pili, anzeni kuchanga mapema: sisi hutoa shilingi 100 kila Alhamisi mzunguko ukikutana, zinaingia kwa M-Pesa ya mweka hazina, na haziguswi hata mtu akililia mkopo. Hayo mnayajua. Ya tatu ni gari, na hapo ndipo nilipolilia.

Mwaka jana tulikwenda maporomoko ya Fourteen Falls. Sisi ni wanawake 28 wa kijiji kilicho nyuma ya Ruiru, huko ambako mashamba ya kahawa yanageuka ploti kila kukicha. Tukashona vitenge vya sare. Muuzaji mmoja karibu na stendi ya Thika aliniapia kwamba ana kitambaa cha kututosha sote. Fundi alipomaliza, 22 tulikuwa na ndege wa kijani na sita walikuwa na ndege wa samawati. Hao sita mpaka leo tunawaita "kamati ndogo". Siku hizi nanunua Eastleigh, na sitoi hata ndururu kabla kitambaa chote hakijapimwa mbele ya macho yangu.

Basi, gari. Ilikuwa matatu ya viti 33, siku ya Jumapili, na mimi kwa ushamba wangu nikamlipa dereva 12,000 zote kabla hajawasha injini. Tukapita Thika, tukashika barabara ya Garissa, mananasi ya Del Monte huku na huku, na saa nne asubuhi tukashuka. Mto Athi ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, na povu la uchafu wa Nairobi likielea kando. Hata hivyo maporomoko yale yana fahari yake. Vijana walikuwa wakijirusha kutoka juu ya miamba ili watupiwe chochote, na shosho mmoja wa kwetu alivuka kwa mtumbwi, mkono mmoja kwenye ukingo, mwingine kwenye kiondo, akiomba kwa sauti.

Saa saba dereva akanijia. "Mathe, wacha niende niweke mafuta. Dakika ishirini tu."

Mafuta hayo yaliwekwa mpaka saa kumi na mbili na nusu jioni. Simu yake ikawa haipatikani. Mvua ikanyesha, tukajibana chini ya kibanda kimoja, mukimo ukapoa mpaka ukawa wa kukatwa kwa kisu, na ndege wa samawati wakaanza kuchuruza rangi miguuni mwa kamati ndogo. Hatimaye alirudi, hana hata aibu. Nilipoketi nikakanyaga kitu: kiatu cha mtoto, kimoja, cha kushoto. Kati yetu hakuna aliyekuja na mtoto. Alikuwa amebeba abiria mchana kutwa kwa gari letu. Nilifika nyumbani saa tatu usiku, mume wangu akanifungulia mlango bila kuuliza neno. Afadhali angegomba.

Mpwa wangu ni makanga, naye ndiye aliyenifungua macho. "Tata," akaniambia, "ulimuuliza hesabu?" Hesabu ni zile pesa ambazo dereva lazima ampelekee mwenye gari jioni; kinachozidi, baada ya mafuta, ni chake na makanga. Jumapili watu wanarudi mjini, hesabu inapanda. Mwenye gari alitaka yake ileile, mimi nimelipa pungufu, basi dereva akaenda kuitafuta tofauti barabarani. Sikatai kwamba alitukosea. Lakini nilikuwa nimemkodisha bila kujua anadaiwa nini.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Kwanza, naenda siku ya kazi, katikati ya wiki. Pili, simuulizi dereva bei. Namuuliza hesabu ya siku hiyo, kisha naongeza mafuta na jasho lake juu. Nampigia na mwenye gari, asikie kutoka kwangu kwamba gari halitafanya kazi nyingine. Tatu, nalipa mara tatu: ya mafuta asubuhi, ya hesabu naituma kwa mwenye gari saa sita, na ya dereva mwenyewe naitoa mkononi langoni kwetu, mama wa mwisho akishashuka. Nne, na hii ndiyo dawa yenyewe, chakula kikifunguliwa sahani ya kwanza ni ya dereva. Kabla ya mwenyekiti, kabla ya shosho, kabla hata ya mchungaji kama yupo. Paja la kuku, chapati mbili, na anaketi katikati yetu, si garini. Mtu uliyemlisha mbele ya akina mama 28 hawezi kukuambia anaenda kuweka mafuta.

Kilimambogo, yaani Ol Donyo Sabuk, tulijaribu yote hayo. Bebeni sahani za nyumbani, maana tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi hifadhini, na kiingilio mlipe kwa eCitizen. Wenye magoti mabovu walibaki langoni na gari. Kumi na mmoja tukapanda kwa miguu na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, kwa sababu ya nyati, mpaka kaburi la McMillan, yule tajiri aliyefariki 1925. Inasimuliwa kwamba alitaka azikwe kileleni, lakini gari lililobeba jeneza likashindwa na mlima, akazikwa njiani. Shosho alisimama pale akitweta, akatikisa kichwa: "Naye alilipa zote asubuhi."

Tuliporudi langoni tulimkuta dereva amelala chini ya mti, sahani tupu tumboni, gari halijasogea hata gurudumu moja.

Hatua ya nne na ya tano zitangoja. Nikumbusheni. Na kama kuna mama aliyepanda matatu Thika Jumapili ile ya mvua, mtoto wake akashuka na kiatu kimoja, cha kushoto ninacho mimi. Natembea nacho nikienda kukodi gari. Nakiweka mezani kwanza, ndipo nauliza hesabu.