Jinsi ya Kukadiria Uzito wa Samani Ukidai Fidia ya Kuhama

Ukihama kutoka jimbo moja hadi jingine hapa Marekani, kabla ya kupakia utapewa karatasi usaini. Ukichagua humo dhamana isiyolipiwa, kampuni ikikuvunjia kitu inawajibika kwa senti 60 tu kwa kila ratili ya kitu hicho, hata kama ulikinunua kwa dola elfu. Wengi wetu huiita bima. Si bima, ni kikomo cha wajibu wao. Hesabu inafuata uzito, kwa hiyo uzito ndio wa kuutetea.

Tulipohama kutoka Minnesota kwenda Texas, meza yetu ya kulia chakula ilishushwa imepasuka. Kampuni ikakadiria ratili 60. Meza ya mwaloni mtupu, iliyobebwa na wanaume wawili wakihema! Nilichukua tepu, nikapima kila kipande.

Ubao wa juu: sentimita 180 kwa 90, unene 3. Zidisha, unapata mita za ujazo 0.0486. Mwaloni mkavu una uzito wa kama kilo 700 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo ubao peke yake ni kilo 34. Miguu minne, kila mmoja sentimita 8 kwa 8 kwa 72, inaongeza kilo 13 hivi. Jumla kilo 47, yaani ratili 103, nayo fidia ni kama dola 62 badala ya 36. Si utajiri, lakini ni haki yako, na kwa nyumba nzima tofauti hiyo hujirudia kitu baada ya kitu.

Mbao hazilingani. Msonobari ni mwepesi, kwa kawaida kilo 500 hivi kwa mita ya ujazo. MDF ni nzito kuliko inavyoonekana, kilo 700 na zaidi. Kioo ni rahisi kuliko vyote: kila mita ya mraba ni kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene.

Kochi halina hesabu ya namna hiyo, maana ndani ni sponji, springi na fremu usiyoiona. Tumia mizani ya kupimia mwili. Weka ubao juu yake, miguu ya upande mmoja ikae juu ya ubao, na upande wa pili uinue kwa matofali mpaka kochi likae sawa. Soma, toa uzito wa ubao, kisha geuza upande. Jumlisha namba mbili. Kiti ni chepesi zaidi: kibebe, panda mizani, toa uzito wako.

Runinga, friji au kabati la kuunganisha usipoteze muda kupima, tafuta namba ya modeli kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ila chukua uzito wa kitu chenyewe, bila boksi.

Ukiambiwa kuwa futi moja ya ujazo ni ratili 7, fahamu kuwa hicho ni kipimo cha mzigo mzima ndani ya lori. Kwa kitu kimoja kimoja kinadanganya: kochi huzidishwa, sanduku la vitabu hupunjwa.

Ambatanisha vipimo, hesabu na picha ya mizani ikionyesha namba. Una miezi 9 tangu mzigo ufike kuwasilisha dai kwa maandishi. Kampuni inatakiwa kukiri kulipokea ndani ya siku 30. Na usitupe kitu kilichovunjika kabla hawajamaliza, kwa sababu wanaweza kuja kukikagua.