Kigari au Mbeleko? Kumchagulia Mtoto wa Kwanza Chombo cha Kubebea



Mimba ya kwanza inapofika mwezi wa saba, maneno huwa mengi nyumbani. Mama mkwe anauliza kanga ngapi zimekwisha kununuliwa. Wifi aliyeko Muscat anapiga simu kuuliza alete zawadi gani. Naye kijana anayetarajia kuitwa baba anapita madukani kutazama bei. Siku hizi katika orodha ya vitu vya mtoto kimeongezeka kitu kimoja ambacho bibi zetu hawakukiandika: kigari cha kusukuma. Vingine hununuliwa vipya, vingine huja pamoja na mitumba, na vingine huletwa na ndugu wanaorudi nyumbani kutembea.

Basi wazazi wanauliza: Je, tununue kigari? Na tukinunua, tuchague cha namna gani? Somo letu la mwezi huu linajibu maswali hayo. Kwa ufupi jibu ni hili: tusianze kwa kukitazama kigari. Tumtazame mtoto kwanza, kisha tuitazame njia atakayopitishwa, na mwisho ndipo tukitazame kigari.

MTOTO MCHANGA ANAHITAJI NINI ANAPOBEBWA?

Awe katika kanga, kikapu au kigari cha bei kubwa, mtoto mchanga ana mahitaji manne.

1. Koo lililo wazi. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kuliko nguvu za shingo yake, na njia yake ya hewa ni nyembamba na laini. Akiketishwa wima kabla ya shingo kukaza, kichwa huanguka mbele na kidevu hulala kifuani. Hapo njia ya hewa hujikunja kama mpira wa maji uliokunjwa. Jambo la kuogopesha ni kwamba mtoto wa namna hiyo halii. Hukaa kimya, na mama hudhani amelala usingizi mzuri. Ndiyo maana mwaka 2022 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilikumbusha tena kwamba viti vya gari, vigari na vifaa vingine vya kukalia si mahali pa kumlaza mtoto usingizi wa kawaida, hasa aliye chini ya miezi minne.

2. Hewa na ubaridi. Mtoto mchanga hawezi kuupunguza mwili wake joto kama mtu mzima. Akifunikwa gubigubi, joto lake hupanda upesi.

3. Miguu iliyopanuka. Mfupa wa paja na kikombe cha nyonga bado ni laini. Mtoto akibebwa miguu imetengana na magoti yamepanda juu kidogo ya makalio, kama chura, nyonga hukaa mahali pake. Miguu ikinyooshwa na kufungwa pamoja kwa muda mrefu, nyonga yaweza kuteguka. Huko Blantyre, Malawi, madaktari wa hospitali moja ya mifupa ya watoto walipitia kumbukumbu za miaka kumi, toka 2002 hadi 2012. Katika watoto zaidi ya 40,000 waliohudumiwa hawakumkuta hata mtoto mchanga mmoja aliyefanyiwa upasuaji kwa ugonjwa wa nyonga kutokaa sawasawa. Walifikiri kuwa sababu mojawapo ni desturi ya akina mama wa huko kubeba watoto mgongoni.

4. Jicho la mlezi. Uso wa mtoto uonekane, ili mlezi aone rangi ya midomo na asikie pumzi.

Kumbukeni mambo haya manne. Ndiyo mizani tutakayopimia kila chombo.

TUITAZAME NJIA

Kigari kilizaliwa Uingereza. Inasimuliwa kuwa mwaka 1733 fundi William Kent alimtengenezea Duke wa Devonshire kigari cha kuwatembezea watoto wake bustanini, kikikokotwa na mnyama mdogo. Mwaka 1965 Mwingereza mwingine, Owen Maclaren, aliyekuwa mhandisi wa ndege, alibuni kigari chepesi cha kukunjika kama mwavuli. Vigari vya mitumba vingi tunavyoviona leo vimefuata mfano wake. Angalieni basi: kimoja kilikusudiwa njia za bustani ya tajiri, na kingine barabara za mji zenye kando za kupitia waendao kwa miguu.

Sasa tuitazame Tibirinzi yetu. Sisi ni wenyeji wa mji wa Chake Chake, na Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde. Barabara kuu ina lami, lakini nyumba nyingi zimejitenga nayo. Mtu hupita kijia cha udongo, ngazi mbili tatu za mawe na mfereji wa maji ya mvua. Wakati wa masika udongo huo huteleza, na gurudumu dogo huzama. Mama akifika penye shimo hulazimika kumwinua mtoto pamoja na kigari, na mzigo unakuwa mara mbili. Tena akitaka kupanda daladala, atampakata mtoto kwa mkono mmoja na kukikunja kigari kwa mkono wa pili, huku utingo anamhimiza.

Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha fanyeni jaribio hili lisilo na gharama. Baba na mama watembee pamoja kutoka mlangoni hadi kliniki, sokoni na kanisani, wakihesabu mahali ambapo kigari hakiwezi kusukumwa. Wakihesabu zaidi ya mahali patatu au panne, wajue kuwa kigari hicho kitafanya kazi barazani tu. Si kosa kuwa na kigari cha barazani, ila bei yake ilinganishwe na vitu visivyokosekana: chandarua, nguo za mtoto, chakula cha mama anayenyonyesha, na akiba ya nauli ikiwa mama au mtoto ataugua usiku.

MBELEKO SI UMASKINI

Baadhi ya vijana huona haya kueleka mtoto wakidhani ni alama ya ukosefu. Hapana. Watu wa pwani waliiheshimu mbeleko hata wakaitia katika mambo ya harusi: katika desturi ya zamani, mama wa bibi harusi hupewa mkaja na ubeleko, kuwa ni shukrani kwa tumbo lililozaa na mgongo uliobeba.

Sayansi nayo imerudi mahali hapo hapo. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey alianza kuwaweka watoto waliozaliwa kabla ya wakati kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa hospitali haikuwa na vifaa vya joto vya kutosha. Njia hiyo ikaitwa utunzaji wa kangaruu. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali za nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo, kwa watoto waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Walioanza kukaa kifuani mapema baada ya kuzaliwa walikufa wachache kwa robo kuliko wale waliosubiri kwanza hali zao zitulie. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri njia hiyo ianze mara mtoto anapozaliwa. Basi mtoto wako akizaliwa na uzito mdogo, usiulize habari za kigari. Kifua chako ndicho chombo chake, na wauguzi watakuonyesha namna ya kumfunga.

Hata hivyo mbeleko nayo ina sheria zake. Wahenga husema ukibebwa, ubebeke. Lakini mchanga hajui kubebeka, hivyo kazi yote ni ya mbebaji.

- Miezi ya kwanza mtoto abebwe mbele, kifuani, mahali unapoweza kumbusu utosini. Mgongoni asubiri hadi shingo ikaze, kwa kawaida mwezi wa nne hivi.
- Vidole viwili vipite kati ya kidevu na kifua chake.
- Kanga isifunike pua wala mdomo.
- Kanga ifungwe imara ili asiporomoke na kujikunja ndani. Kanga iliyochakaa iwe ya kufutia, si ya kubebea.
- Usipike huku mtoto yuko kifuani. Mafuta ya moto na mvuke vitamfikia yeye kabla yako.

UKIAMUA KUNUNUA KIGARI

Wako ambao kigari kitawafaa kweli: mama aliyejifungua kwa upasuaji, mwenye maumivu ya mgongo, aliyejifungua mapacha, bibi anayelea mjukuu na nguvu zimepungua, au familia inayokaa karibu na lami. Hao nawaomba wasidanganywe na rangi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kigari kikaguliwe hivi:

1. Kulalia. Kwa mtoto ambaye hajaweza kuketi mwenyewe, yaani karibu miezi sita ya kwanza, mgongo wa kigari ulale chini kabisa kama kitanda. Vile vya kukunjika kama mwavuli vingi havilali. Hivyo ni vya mtoto aliyekwisha kuketi.

2. Mikanda. Iwe na sehemu tano: mbili mabegani, mbili kiunoni na moja katikati ya miguu. Ifungwe kila safari, hata ya hatua kumi. Mkanda wa kiunoni peke yake humwacha mtoto ateleze chini hadi shingo ikanaswa.

3. Breki. Tia ndani mfuko wa mchele wa kilo 10, funga breki, kiweke penye mteremko, nawe simama upande wa chini. Kikisogea, usikinunue. Katika mji wa vilima kama wetu jambo hili si la kupuuzwa.

4. Kifungio cha kukunjia. Kifungue na ukisukume kwa nguvu. Kisijikunje chenyewe. Weka mikono ya watoto mbali unapokifungua. Mwaka 2009 kampuni moja ya Uingereza ililazimika kutoa vifuniko vya bawaba kwa vigari vipatavyo milioni moja vilivyouzwa Marekani, baada ya watoto kukatwa ncha za vidole.

5. Magurudumu. Makubwa na mapana hupita penye vijiwe na mchanga, madogo hukwama. Zungusha kila moja uone kama linapepesuka.

6. Chuma na nguo. Hewa yetu ya bahari hula chuma. Tazama kutu penye viungio na maungo yaliyochomelewa. Kitambaa kiweze kuvuliwa, kufuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani kabla mtoto hajalazwa.

7. Alama. Vigari vilivyotengenezwa kwa soko la Ulaya hubandikwa maandishi EN 1888, yaani kanuni ya usalama ya vigari vya watoto. Soma pia uzito unaoruhusiwa, ambao mara nyingi ni hadi kilo 15.

Tusichanganye kigari cha kusukuma na kile cha duara ambacho mtoto hutumbukizwa ili ajifunze kutembea. Hicho hakiharakishi kutembea, nacho humpeleka mtoto upesi kwenye jiko la makaa na kwenye ngazi. Nchi ya Kanada ilipiga marufuku kukiuza mwaka 2004.

NAMNA YA KUKITUMIA

Kosa la kawaida ni kukifunika kigari kwa kanga ili kumkinga mtoto na jua. Mwaka 2023 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walionyesha kwamba kitambaa kikavu kilichofunikwa juu ya kigari kiliongeza joto la ndani, hata kama kilikuwa chepesi. Hewa hufungika, na uso wa mtoto hauonekani. Ni afadhali kutoka asubuhi au alasiri, kutumia mwavuli au kupita kivulini. Kwa mbu, chandarua chepesi kinatosha.

Usitundike kikapu cha sokoni kwenye mpini, maana kigari kitapinduka nyuma. Ukisimama, funga breki, wala usikiache mteremkoni hata kama imefungwa. Mtoto akilala njiani, ukifika nyumbani umlaze chali kitandani kwake, penye godoro gumu. Na kigari si kiti cha gari: ndani ya gari mtoto atolewe humo.

Ukimwona mtoto, awe katika kigari au mbeleko, midomo imekuwa ya buluu, amelegea, au anapumua kwa taabu, mtoe mara moja, mlaze chali juu ya kitu kigumu na tambarare, fungua nguo shingoni, na mkimbize hospitalini. Usingoje aamke.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Njia yetu kutoka mlangoni hadi kliniki ina vikwazo vingapi vya gurudumu?
2. Je, shingo ya mtoto wetu imekaza? Anaweza kuketi mwenyewe?
3. Ni nani atakayembeba au kumsukuma mtoto mara nyingi: mama, bibi, au dada yake mdogo? Je, amefundishwa mikanda na breki?
4. Ndugu akituuliza alete nini, tumwambie nini kinachohitajika zaidi kuliko kigari?
5. Je, baba amekwisha kujifunza kufunga mbeleko?

Swali hili la mwisho wengine watalicheka. Lakini kifua cha baba nacho kina joto, na mama wa mtoto wa kwanza anahitaji saa moja ya kulala. Mpeni.