SOMO LETU: MASIKIO KWANZA, KALAMU BAADAYE



Wengi wenu mmetuuliza mtoto wa chekechea afundishwe nini nyumbani ili asichelewe kusoma. Mara nyingi swali huja na daftari mkononi: mtoto ana miaka minne, ameandika "a" ukurasa mzima, na mama anaona bado haitoshi. Sisi tunasema daftari lingoje kidogo. Tuanze na masikio.

Mtoto anaweza kuimba "ba be bi bo bu" na wenzake mpaka mabati yatikisike, lakini ukimwonyesha "bi" peke yake, haijui. Ameshika wimbo, hajashika sauti. Huyo anaweza kufika Gredi ya 3 akikariri ukurasa kwa kutazama picha, na sisi wazazi tunafurahi ati anasoma. Hebu ziba picha kwa kiganja, umwonyeshe neno moja la katikati. Hapo ndipo utajua.

Kusoma ni kujua kwamba neno hukatika vipande, na kila kipande kina alama yake. Kukata neno kwa sikio ndiyo kazi ya kwanza, na mchezo wa vina huifundisha vizuri. Kina ni ile silabi ya mwisho inayofanana, kama washairi wa pwani wanavyopanga mashairi yao. Sema jembe, mtoto akujibu wembe, pembe, embe. Sema kahawa, akujibu dawa, sawa. Akibuni "fembe" msimkemee. Halina maana, lakini sikio limefanya kazi yake.

Jambo moja la kuangalia. Karibu maneno yote ya Kiswahili huishia na a, e, i, o au u, kwa hivyo herufi ya mwisho peke yake haitoshi. Akisema maji na mti, msifu kwa kujaribu, kisha mpige makofi pamoja: ma-ji, m-ti. Atasikia mwenyewe kwamba "ji" si "ti". Dakika kumi zatosha, mkiwa mnachambua maharagwe au mnangoja maji yachemke. Kiboko kisikaribie mchezo huu.

Lugha gani? Taarifa ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Huko vijijini shosho achezeshe wajukuu kwa Kikuyu, hata kama yeye mwenyewe hajui kusoma. Mitaa kama Kiandutu na Makongeni ina makabila mengi, na hapo Kiswahili kinafaa. Sikio likizoea kukata maneno ya lugha moja, litakata ya nyingine pia.

Sisi wa huku tuna shida yetu, na tusione haya kuisema. Kikuyu hakina sauti ya l, kwa hivyo kula na kura mdomoni mwetu ni kitu kimoja, na siku ya uchaguzi tunachekwa. Vilevile shoka na choka. Mtoto asiyesikia tofauti hiyo ataandika vibaya miaka mingi. Mpe jozi hizo kama mchezo: ukisema kula, ashike tumbo, ukisema kura, ainue kidole.

Mchezo ukikolea, ndipo herufi ziingie. Kata katoni kuukuu vipande vinne, uandike kwa makaa au kalamu: ta, ba, ka, pa. Kipande cha "ta" kikae palepale, vile vingine vije mbele yake kwa zamu. Mtoto anasoma bata, kata, pata. Maneno matatu, na kilichobadilika ni kichwa tu! Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hivyo alichosikia ndicho atakachokiona.

Tangu Katiba ya 2010 chekechea za umma ziko chini ya kaunti, na kuna walimu wazuri. Lakini mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kumsikiliza kila mtoto peke yake. Nyumbani inawezekana.

Kwa mkutano ujao, kila mwanachama alete maneno matano yenye kina kimoja, ya vitu vya shambani au jikoni. Tena mjadiliane: siku za kuchuma kahawa, watoto wadogo hubaki na nani, na huyo anayebaki nao ameonyeshwa mchezo huu?