Kumfundisha Mtoto Kula

Wazazi na walimu wengi hudhani kwamba mtoto akisha kuambiwa kuwa mboga zina faida, basi amefundishwa. Lakini mtoto aweza kuyakariri majina ya vyakula bora, akashinda mtihani, kisha akatoka nje akanunua peremende. Elimu ya chakula haiingii kwa sikio peke yake. Yataka mkono na kinywa pia. Nchi iliyolielewa sana jambo hili ni Japani, na yafaa tuutazame mwenendo wake.

Mwanzo wake ulikuwa huruma. Mwaka 1889, katika mji wa Tsuruoka, watawa wa Kibudha waliokuwa na shule hekaluni waliona watoto wa maskini wakija bila chakula. Wakawapa wali uliofinyangwa, samaki wa kuchoma na mboga za chumvi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, nchi ikiwa katika njaa, wanafunzi walinyweshwa maziwa ya unga ya msaada. Mwaka 1954 ikatungwa sheria ya chakula cha shuleni. Na mwaka 2005 ikatungwa sheria ya elimu ya chakula, ambayo Wajapani huiita shokuiku. Mwaka huo huo walianza kuwekwa shuleni walimu maalumu wa lishe.

Je, somo lenyewe hufundishwaje? Katika shule nyingi za msingi, saa ya kula ikifika, watoto wa zamu huvaa aproni na kofia nyeupe, huleta chakula darasani na kuwapakulia wenzao. Mwalimu hula pamoja nao chakula kile kile. Wakimaliza, wao wenyewe hukusanya vyombo.

Tena vyakula hugawanywa katika mafungu matatu yenye alama za rangi. Nyekundu ni vile vijengavyo mwili: samaki, mayai, maziwa na soya. Manjano ni vile vitiavyo nguvu: wali, mkate na mafuta. Kijani ni vile viuwekavyo mwili katika hali njema: mboga na matunda. Rangi hizo zaonyesha kazi ya chakula, wala si sura yake. Ndiyo maana maziwa, ingawa ni meupe, yamo katika nyekundu. Basi hata mtoto mdogo aweza kulitazama bakuli lake na kujiuliza: fungu gani limekosekana?

Hapa tunapata mafunzo matatu. Kwanza, mwenye njaa ashibishwe, ndipo afundishwe. Pili, mtoto apewe kazi ya kumenya, kupakua na kuosha, kwani ajuaye taabu ya chakula hakidharau. Tatu, mkubwa awe wa kwanza kula anachokisifu. Baba azisukumaye mboga kando ya sahani huku akimwamuru mwanawe azile, anafundisha masomo mawili, na mtoto atalishika lile aliloliona. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Huenda mtu akasema kwamba mambo haya yanataka utajiri. Lakini watawa wale wa Tsuruoka hawakuwa na mali; walizunguka nyumba kwa nyumba wakiomba sadaka, na kwa sadaka hiyo wakawalisha wanafunzi wao.